Nani Ataketi?

Sijui Mzee wa Bodi alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, na sitajisumbua kutafuta. Ninachojua ni kwamba kwa miaka mingi tuligawana ukuta mmoja wa mabati hapa Eldoret, yeye upande wa kuchomelea magari na mimi upande wa kushona viti vya magari hayo hayo. Hadi leo nikisikia grenda ya kukatia chuma ikianza kulia asubuhi napandwa na hasira kabla sijanywa chai. Watu wakinisikia nikimtaja hudhani nilimchukia tangu mwanzo. Wamekosea. Nilimheshimu kuliko fundi yeyote niliyewahi kumjua, na ndiyo maana nimeshindwa kuliacha hili jambo lipite.

Mafundi wa bodi za magari ni wengi mjini, lakini yeye alikuwa na kazi yake moja ambayo watu waliifuata kutoka mbali. Ziko zile pikapu za milango minne ambazo ukizitazama vizuri ni gari kubwa la familia lililokatwa mkia, likabandikwa bodi fupi ya mizigo ambayo haitoshi hata magunia machache ya mahindi. Mtu anainunua kwa sababu injini ina nguvu, kisha anagundua kwamba nusu ya gari ni viti ambavyo hakuna anayevikalia. Mzee alizigeuza kuwa pikapu za milango miwili. Aling'oa viti vya nyuma na milango ya nyuma, akakata paa, akausogeza ukuta wa nyuma wa kabini pamoja na kioo chake hadi karibu na mgongo wa dereva, akauchomelea hapo. Nafasi yote iliyobaki ikawa ya mzigo.

Ukisikia hivyo unaona ni kazi rahisi, na wako waliojaribu. Mchuuzi mmoja wa maziwa kutoka Chepkoilel alikatiwa gari lake na fundi mwingine ambaye hakufunga mabomba ya kuishikilia kabini kwenye nafasi za milango kabla ya kukata paa. Paa lilipoachia, kabini ilipanuka, na milango haikufunga tena. Yule bwana akawa anaifunga kwa kamba, akisimama kila kona kuikaza. Alipoleta gari kwa Mzee, Mzee alilizunguka mara moja, akashika ile kamba kwa vidole viwili.

"Hii ni gari ama ni ng'ombe?" akamuuliza.

Halafu akalirekebisha kwa wiki mbili, akilalamika kila saa, na alipomaliza ule mlango ulifunga kwa kusukumwa na kidole. Fila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, aliitumia kidogo sana. Alisema fila ni poda ya uso, na gari lililojaa fila linasubiri tu mvua.

Alikuwa na taratibu mbili ambazo hakuziacha hata mteja awe na haraka namna gani. Ya kwanza, gari halikupimwa likiwa tupu. Ulitakiwa uje na mzigo wako mwenyewe, ule utakaobeba: wa mahindi aje na mahindi, wa mawe aje na mawe. Gari likilaliwa na mzigo, springi zinashuka, chesisi inajikunja kidogo, na hapo ndipo alipotoa chaki. Ya pili ilikuwa swali. Kabla hajagusa chochote alisimama kando ya mlango wa dereva, mkono juu ya paa, akauliza, "Nani ataketi?"

Ukijibu ni mimi, alikwambia uingie. "Kaa vile unakaa ukichoka, si vile unakaa kanisani." Kisha alisimamisha kipande cha plaiwudi nyuma ya mgongo wako, akapitisha chaki juu ya mabega, akavuta kamba ya katani kutoka usukani hadi kwenye ile plaiwudi na kupiga fundo. Ukuta wa kabini ulikuja hapo hasa. Hakuweka reli za kusogeza kiti. Alichomelea fremu ya kiti na ukuta kuwa kitu kimoja, ili bodi ya mizigo ipate kila inchi, na akasema reli ni za mtu ambaye hajui kimo chake. Kila mteja aliondoka pale na mstari mweupe mgongoni, na ile kamba Mzee akaitundika kwenye msumari, imefungwa kipande cha bati chenye namba ya gari.

Nilimwona akitumia nusu siku nzima kwa mzee mmoja Msomali, mwenye duka la nafaka, ambaye nyonga yake moja ilikuwa mbovu. Mzee wa Bodi alimkalisha, akamshusha, akamkalisha tena, akapinda ukuta upande mmoja ili yule babu akae kidogo kimshazari bila kuumia. Akaniita kupitia ukuta, "Mama Viti, kuja uone hii nyonga," kana kwamba ni kitu alichokigundua yeye. Nikamshonea yule babu kiti chenye godoro nene upande mmoja. Alipoingia akasema hajakaa bila maumivu tangu zamani. Mzee aligeuka upande akajifanya anatafuta spana.

Nilimwona pia akimfukuza mkulima mkubwa wa Moi's Bridge. Yule alikuja na dereva wake, na Mzee alipouliza nani ataketi, mkulima akajipiga kifua.

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Sijauliza mwenye gari. Nimeuliza nani ataketi."

"Dereva ataendesha, lakini gari ni langu. Pima mimi."

"Basi peleka kwa fundi wa sanamu," Mzee akasema, na akarudi kwenye kazi yake. Mkulima alizunguka mji mzima, akarudi baada ya siku tatu, na dereva ndiye aliyepimwa. Tulicheka hadi machozi, Mzee na mimi, kila mmoja upande wake wa bati. Naiandika hii mtu aelewe kwamba hakuwa mtu asiyejua. Alijua vizuri kuliko wote kwamba kiti ni cha anayekikalia.

Yeye mwenyewe hakujua kuendesha gari. Alikuja kazini kwa baiskeli, suruali imefungwa kwa mpira kifundoni, na gari likitakiwa kusogezwa aliita mfanyakazi. Aliimba nyimbo za kanisa akichomelea na kutukana katikati ya ubeti kama elektrodi imeganda. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya cheche, lakini akija kwangu kuchagua ngozi bandia aliinawa kwanza, hadi kwenye viwiko, asinichafulie kitambaa. Wafanyakazi wake aliwafokea kama watoto. Mimi hakuwahi kunifokea. Aliwaambia wateja wasipeleke viti kwa mtu mwingine, kwa sababu Mama Viti akishona, mshono unakaa.

Basi mimi nikapata gari. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukataa sindano, na nilitaka kazi ya pili, yangu mwenyewe, ya kubeba mahindi kutoka Turbo na Moi's Bridge msimu wa mavuno. Nilijifunza kuendesha nikiwa na watoto wakubwa, nikapata leseni, nikanunua pikapu ya milango minne ya aina ile ile ambayo Mzee aliijua kama kiganja chake. Sikufikiria fundi mwingine hata dakika moja. Kaka yangu mkubwa, ambaye analima Turbo, alikuja na magunia yake ili gari lipimwe likiwa na mzigo. Kaka ni mrefu kama nguzo ya stima. Mimi nikisimama kando yake nafika kifuani.

Asubuhi hiyo Mzee aliniambia niende mjini nikachague ngozi ya viti vyangu mapema, kabla rangi nzuri hazijaisha. Nikaenda. Nani angekataa? Nilichukua muda, kwa sababu safari hii nilikuwa najichagulia mwenyewe, nikachukua ya rangi ya kahawia. Niliporudi nilimkuta kaka akishuka kutoka kwenye gari, anacheka na wafanyakazi, na shati lake lina mstari mweupe mgongoni. Nilidhani ameegemea kitu. Nikamwita aje, nikampangusa ile chaki kwa mkono wangu huu.

Nilingoja kuitwa nikae nipimwe, na niliposikia grenda ikikata nilidhani wanaanza na paa tu. Gari lilipomalizika lilikuwa zuri mno. Mlango ulifunga kwa kidole. Nikapanda, nikakaa, nikanyoosha mguu, na mguu haukufika kwenye klachi. Nikajisogeza hadi ukingoni mwa kiti, mgongo hewani, nikaigusa kwa ncha ya kidole cha mguu. Wafanyakazi wakaangalia chini. Kaka akafungua mlango upande wangu.

"Sister, wacha mimi nilipeleke kwanza. Nitalizoesha zoesha, halafu nikurudishie."

Likaenda Turbo. Likazoeshwa mavuno yote, na mavuno yaliyofuata. Nikipiga simu liko shambani, au liko gereji, au ndiyo linatoka tu sasa hivi. Kitabu cha gari kilikuwa na jina langu, kiko kwenye sanduku langu, na mahindi ya watu wengine yalikuwa yanabebwa na mtu mwingine. Nikaendelea kushona.

Nilimwendea Mzee siku ile ile gari lilipoondoka. 

"Mzee, kwa nini hukuuliza?"

"Nilipima mtu aliyekuwa hapa."

"Mimi ndiye nitaketi. Unajua ni mimi."

"Ah, Mama Viti," akasema, na akatabasamu, Mungu wangu, alitabasamu. "Hiyo gari imempata mwenyewe. Umeona vile imemkaa?"

Nilitaka kumtupia nyundo yake mwenyewe. Badala yake nikarudi upande wangu, na kwa muda mrefu sikumsalimu. Kaka nilimkasirikia, ndiyo, lakini kaka ni kaka, amekuwa akichukua vitu vyangu tangu tukiwa wadogo, na nilijua ni wa namna gani. Mzee sikumjua hivyo. Mtu aliyempindia babu wa watu ukuta kwa ajili ya nyonga hakushindwa kuniona mimi niliyekuwa nyuma ya bati kila siku ya kazi. Angekuwa fundi hovyo ningemsamehe jioni hiyo hiyo.

Mwishowe nilishona mto. Nilichukua godoro gumu, nikalikata mara nne, nikijaribu kila kipande kwenye kiti cha gari la mteja aliyefanana urefu na kaka, hadi mguu wangu ulipofika palipotakiwa. Nikaufunika kwa ile ngozi ya kahawia. Nikapanda basi la kwenda Turbo na mto wangu kwapani. Kaka alikuwa ghalani akipakia.

"Shusha magunia yako," nikamwambia.

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naenda nyumbani na gari yangu."

Alidhani natania hadi alipoona nimeuweka mto na kuwasha injini. Nikaendesha hadi Eldoret. Mto uliteleza kila nilipofunga breki, na nilipofika mgongo ulikuwa unawaka moto, lakini nilifika. Tangu siku hiyo nimebeba mahindi, mbolea, makochi ya wanaohama, hata jeneza mara mbili, na sikuwahi kukaa kwenye gari langu bila kile kitu mgongoni. Ningeweza kumwita fundi mwingine akate fremu na kuisogeza mbele. Wateja walinishauri. Sikutaka. Aliyekosea ndiye nilitaka akate, na sikutaka kumwomba.

Mzee kwa upande wake aliendelea kuniletea wateja kana kwamba hakuna kilichotokea. "Peleka viti kwa Mama Viti," nilimsikia akisema kupitia bati, na kila mara nilikasirika upya, kwa sababu ilinibidi kumshukuru.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, alikuja upande wangu akipapasa ukuta, mkononi ana bomba jembamba analolitumia kama fimbo. Macho yake yalikuwa meupe. Mwanga wa kuchomelea uliyamaliza, maana ile miwani ya kujikinga aliivaa shingoni zaidi ya usoni.

"Mama Viti, uko?"

"Niko, Mzee."

"Nasikia gari yako inabeba hata watu wa kuhama."

"Inabeba."

"Nahamia kwa msichana wangu, Moi's Bridge. Macho imekataa. Niko na vitu kidogo tu."

Sikuweza kusema hapana. Nikaliingiza gari uani kwake. Wafanyakazi wakapakia grenda, mashine ya kuchomelea, mtungi, sanduku la spana, baiskeli. Mimi nikaanza kuzishusha zile kamba za katani kutoka kwenye misumari, maana alitaka kwenda nazo zote, na nikawa nasoma namba za magari kwenye vibati. Nikaifikia ya gari langu. Zote nilizoshika zilikuwa na fundo moja. Yangu ilikuwa na mawili.

Nilisimama pale na ile kamba. Kisha nikaenda kwenye gari, nikachukua mto wangu, nikauweka kati ya fundo na fundo. Ulienea. Haukuzidi wala kupungua hata unene wa ukucha.

"Mzee," nikamwambia, "hii kamba yangu iko na mafundo mawili."

Alikuwa ameketi juu ya tairi. 

"La nyuma najua ni la kaka yangu. Hili la mbele ni la nani?"

"Lako."

"Ulinipima lini?"

"Kwani kukupima ni nini? Nimekuona ukijaribu viti kwa magari ya watu kila siku. Kimo chako nilikuwa nacho kitambo. Nilikipigia fundo asubuhi hiyo, ulipoenda mjini."

"Halafu ukaacha."

"Ndugu yako aliingia. Akasema yeye ndiye ataendesha, alisema mbele ya wafanyakazi, na sauti juu. Sasa ningemtoa vipi, mwanaume mzima? Ningemwaibisha."

"Na mimi?"

Alifikiria. Nitamheshimu kwa hilo, kwamba hakudanganya.

"Wewe nilijua utashona kitu," akasema.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia labda alisahau, labda uzee, labda alidhani nimempa kaka gari. Kumbe fundo langu lilikuwa pale pale msumarini, futi chache kutoka kwenye cherehani yangu. Alijua ninapoishia na akaniacha nijazie mwenyewe. Sijawahi kukasirika namna ile maishani mwangu na naomba nisikasirike tena. 

Nikaingiza mkono dirishani, nikazima injini ambayo wafanyakazi walikuwa wameiwasha tayari.

"Shusheni grenda," nikawaambia wafanyakazi. "Na mashine ya kuchomelea."

"Mama Viti, tunaenda Moi's Bridge," Mzee akasema.

"Hatuendi bado."

Alielewa. Akasema, "Fundo si liko? Mpatie kijana wangu mmoja hapa akate kwa fundo."

"Sitaki fundo la kuchungulia. Nipime vile unapima watu."

Nikamshika mkono, si kwa upole, nikamsimamisha kando ya mlango wa dereva na kumwekea kiganja juu ya paa, mahali alipozoea kukiweka. Nikauchukua mto, nikamsukumia kifuani aubebe. Nikapanda. Wafanyakazi wote walikuwa wameacha kazi. Mzee alisimama amegeuza uso kuelekea kwenye kiti, na kwa yale macho hakuweza kujua kama kiti kina mtu au ni kitupu. Nikakaa kimya kabisa. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye mabati, na mimi nikasubiri. Ningesubiri hadi jioni.

"Nani ataketi?" akauliza.

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi, Mama Viti. Mwenye gari na dereva wake."

"Basi kaa vile unakaa ukichoka," akasema, "si vile unakaa kanisani." Nikakaa. Mfanyakazi akasimamisha plaiwudi, na Mzee akapitisha chaki mwenyewe, akilitafuta bega langu kwa vidole kabla ya kuandika. Wakakata fremu, wakaisogeza mbele, wakaichomelea hapo. Nilipokanyaga klachi ilizama hadi chini na mgongo wangu ukiwa umeegemea.

Sikuzungumza naye njia nzima hadi Moi's Bridge. Alikaa kando yangu na mto mapajani, akiupapasa mshono wake, na mara moja akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, nikaongeza gia. Kama alitaka msamaha hakuupata, na hata leo sijaupata mahali popote nimtumie.

Binti yake alitupokea getini. Alimshusha baba yake, akamshika mkono, kisha akageuka kunishukuru na kuniona nilivyoshuka.

"Mama, umechafuka mgongoni. Ngoja nikupanguse."

"Wacha ikae," nikamwambia.